Kompyuta Ilipoanza Kutulipa Dukani

Kwa miaka mingi nimefanya kazi ya uhasibu kwenye duka la vifaa vya ujenzi Gerezani, Kariakoo, Dar es Salaam, pale ambapo nondo, mabati na mabomba hupakiwa kwenye maguta na Kirikuu tangu asubuhi. Wafanyabiashara wenzetu wakijua kuwa ninashughulika na mfumo wa duka, swali lao huwa moja: programu gani nzuri? Mwenye duka la spea anauliza hivyo, wa dawa anauliza hivyo, wa vitenge naye hivyohivyo. Nikianza kuwaeleza habari za stoo, majina ya bidhaa, na nani ana ruhusa ya kutoa mzigo, naona wanachoka, maana walitaka jina la programu na bei yake tu. Leo nimeamua kuandika kwa kirefu kwa ajili yao. Nimeona hela nyingi za watu wanaojituma zikipotelea kwenye mashine ambazo hazikuwahi kuwafaa, na inaniuma, kwa sababu nimeona pia jinsi mashine hizohizo zinavyoweza kuliinua duka.

Kwetu kompyuta iliingia kipindi mashine za EFD, zile za kutolea risiti za kodi, zilipoanza. Mwaka 2010 Mamlaka ya Mapato (TRA) ilianza na wafanyabiashara waliosajiliwa VAT, na Mzee, mwenye duka, akaona kwamba kama serikali inataka risiti za mashine, basi na hesabu zake ziwe za mashine. Akanunua kompyuta, printa, betri ya kushikilia umeme ukikatika, na programu ya mauzo. Vyote vikawekwa kaunta. Kazi ikaendelea vilevile: binti wa kaunta anaandika mauzo kwenye daftari, mteja analipa, kuli anapigiwa kelele atoe mzigo, na jioni mtu mmoja anabaki kuyahamisha ya daftarini kuyaingiza kwenye kompyuta. Mauzo ya siku moja tulikuwa tunayaandika mara tatu, kwenye daftari, kwenye EFD na kwenye kompyuta. Ukifunga hesabu, ripoti ya Z, ile ya mwisho wa siku inayotoka kwenye EFD, ina jumla yake, daftari lina yake, kompyuta ina yake.

"Binti yangu, hii mashine inanisaidia nini?" Mzee aliniuliza jioni moja.

"Kwa sasa bado, Mzee," nilimjibu. Ndivyo ilivyokuwa.

Miaka hiyo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, na kuna somo moja lilinifungua macho. Mwaka 1987 mchumi wa Marekani, Robert Solow, aliandika kwamba kompyuta zinaonekana kila mahali isipokuwa kwenye takwimu za tija. Kampuni zilikuwa zinanunua, ila uzalishaji haukuonekana kupanda. Mwaka 1990 mwanahistoria wa uchumi, Paul David, alijaribu kueleza sababu kwa kurudi kwenye historia ya umeme. Viwanda vya zamani viliendeshwa na injini moja kubwa ya mvuke. Injini ilizungusha mhimili mrefu uliopita juu darini, na mikanda ikashuka kutoka kwenye mhimili huo hadi kwenye kila mashine. Umeme ulipokuja, wenye viwanda wengi waling'oa injini ya mvuke wakaweka mota moja kubwa palepale, mhimili na mikanda wakaviacha. Mwaka 1900 umeme ulikuwa bado unaendesha chini ya asilimia 5 ya mashine za viwanda vya Marekani. Faida kubwa ilikuja kuonekana miaka ya 1920, pale kila mashine ilipopata mota yake, majengo yakajengwa upya bila mhimili wa darini, na mashine zikapangwa kufuata njia ambayo kazi inapita.

Nilitoka darasani siku ile nikiwaza kaunta yetu. Mhimili wetu ulikuwa bado uko darini.

Tulianza na majina ya bidhaa. Kazi hii haina sifa, hakuna anayeitangaza, na ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote. Duka la vifaa vya ujenzi lina maelfu ya vitu vidogovidogo, na kila mtu anaviita anavyojua. Kwenye orodha ya kwanza koki moja ya nusu inchi ilikuwa imeingizwa kwa majina manne: "koki nusu", "koki 1/2", "koki ya bomba ndogo", na jingine lenye jina la kiwanda. Kwa kompyuta hizo ni koki nne tofauti. Binti wa asubuhi anauza kwa jina hili, wa jioni anauza kwa jina lile, mzigo mpya unapokelewa kwa jina la tatu. Matokeo yake kompyuta inaonyesha koki hii imezidi, ile iko hasi, na wewe unaagiza nyingine wakati stoo imejaa.

Aliyetutoa hapo ni mtunza stoo, mtu mzima ambaye sote tulimwita Babu. Hakuwahi kushika kompyuta. Lakini alikuwa anatembea kati ya rafu na karatasi zangu mkononi, anashika kitu, anakipima kwa kidole, anasema: "Hii na hii ni moja, binti. Andika moja. Ile pale usiiunganishe, ina uzi wa ndani, fundi akipelekewa hii ataturudishia." Hakuna fundi wa kompyuta angeweza kujua hilo. Waliotuuzia programu walikuja na mafunzo ya siku mbili, wakafundisha vitufe vizuri, wakaondoka. Ujuzi wa nini kinaitwa nini ulikuwa kwa mtu ambaye hakualikwa hata kwenye mafunzo yale.

Na Babu alikuwa na hofu yake. Aliamini mashine imeletwa kumkamata. Huwezi kumlaumu, maana mtaani kwetu mwenye duka akianza kuhesabu mzigo mara kwa mara, maana yake anamshuku mtu. Maneno ya kumtuliza hayakusaidia sana. Kilichosaidia ni shoti ya nondo, yaani upungufu kwenye hesabu. Siku moja hesabu ilionyesha nondo za milimita 12 zimepungua, na macho ya watu yakaelekea stoo kama kawaida. Tukafungua mauzo ya siku, moja baada ya jingine, tukakuta kaunta imeuza za 12 lakini imeandika za 10. Na za 10 zilikuwa zimezidi kwa idadi ileile. Babu alisimama pale akaangalia karatasi mpaka mwisho. Tangu siku hiyo yeye ndiye alikuwa wa kwanza kudai kila kitu kiingizwe kabla hakijatoka mlangoni. Nawaomba wenye maduka walifikirie hili: mfanyakazi mwaminifu anahitaji kumbukumbu sahihi kuliko hata wewe tajiri.

Kwa kuwa nimetaja nondo, nieleze jinsi zilivyotufundisha. Nondo tunazinunua kwa tani, tunaziuza kwa moja moja. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12, ikiwa kamili, ina kilo 10.7 hivi, kwa hiyo tani moja inatoa nondo 93 au 94. Ya milimita 16 inakaribia kilo 19, tani inatoa 52 au 53. Zamani ankara ikija imeandikwa tani 5, tunaandika tani 5, basi. Kuuza tunauza nondo moja moja, na hakuna mtu anayeunganisha hizo hesabu mbili. Mfumo ulitulazimisha kuchagua kipimo kimoja cha kutunzia mzigo, nasi tukaamua kila mzigo ukishuka uandikwe uzito na idadi.

Baada ya muda nikaona kitu. Mzigo wa msambazaji mmoja ulikuwa unatoa nondo nyingi kwa tani kuliko wa wengine, mara 100, mara 102. Piga hesabu: tani ikitoa nondo 102, kila moja ina kilo 9.8. Hiyo siyo milimita 12 tena, ni kama 11 na nusu. Kwa jicho huoni. Kwa mkono huhisi. Mfanyabiashara asiyejali anaweza hata kufurahi, maana tani ileile imempa nondo nane za ziada za kuuza. Lakini nondo hiyo inakwenda kukaa ndani ya nguzo ya nyumba ya mtu, na mhandisi aliyechora alipiga hesabu ya milimita 12. Novemba 2024 jengo liliporomoka hapahapa Kariakoo, watu wakafa chini ya kifusi. Sizungumzii chanzo cha jengo lile, hiyo ni kazi ya waliochunguza. Nasema tu kwamba anayeuza nondo jirani na mahali kama pale hana haki ya kutojua anauza nini.

Mzee nilipompelekea karatasi hiyo alinyamaza, akachukua simu, akamwambia msambazaji mzigo ule aufuate. Hakununua kwake tena. Hapo ndipo nilipoona kompyuta imetulipa. Namba zilikuwa zimekaa mle kwa miezi bila kumsaidia mtu, zikaja kuwa na thamani asubuhi ile alipozifanyia uamuzi.

Kuhusu kutoa mzigo, mwanzoni tuliweka utaratibu kwamba hakuna kitu kinatoka stoo bila karatasi ya kompyuta. Ni utaratibu sahihi, na ulituletea balaa. Jumamosi asubuhi mafundi wamejaa, kila mmoja ana gari linamsubiri, mteja anapewa karatasi kaunta, anatembea hadi stoo iliyo nyuma, anaungana na foleni nyingine, Babu anasoma karatasi ndipo anaanza kutafuta. Watu wakaanza kwenda duka la jirani. Wafanyakazi wakataka turudi kwenye kupigiana kelele, na walikuwa na hoja.

Kilichotuokoa ni printa ndogo ya pili. Tuliiweka stoo. Kaunta ikishapokea hela, karatasi inatokea kwa Babu palepale, na wakati mteja anahesabu chenji yake na kusubiri risiti ya EFD, mzigo unaanza kutolewa. Akifika nyuma anakuta saruji ziko chini, anapakia. Bei ya printa ile ilikuwa ndogo kabisa ukilinganisha na tulizotumia kwenye vifaa vya mwanzo, lakini ndiyo iliyobadilisha duka kuliko vyote, kwa sababu iligusa njia ambayo kazi inapita. Daftari la kaunta lilikufa lenyewe baada ya hapo. Hatukulipiga marufuku, lilikosa kazi tu.

Bei nayo ilikuwa na mambo yake. Programu nyingi zimetengenezwa kwa ajili ya duka ambalo kitu kina bei moja. Kariakoo mteja hajaridhika mpaka ameomba apunguziwe, na muuzaji anayekataa kabisa anaonekana hana utu. Jirani yetu mmoja alinunua mfumo wa gharama kubwa, akafunga bei zote ziwe moja, na ndani ya muda mfupi vijana wake wakawa wanauza nje ya mfumo ili waweze kuongea na wateja. Sisi tuliweka bei mbili kwa kila kitu, ya kutajia na ya mwisho. Kati ya hizo muuzaji yuko huru. Chini ya ya mwisho, lazima namba ya siri ya Mzee. Maongezi ya kaunta yalibaki, na punguzo likaanza kuonekana kwenye ripoti kwa jina la aliyelitoa.

Halafu mali kauli. Anayefanya biashara ya ujenzi bila kutoa mali kauli hajaianza bado. Fundi anachukua leo, analipa tajiri yake akimlipa. Mzee alikuwa na daftari la madeni, na kwa kichwa alijua nani anadaiwa nini karibu yote. Asichokijua ni umri wa deni. Kumbukumbu ya mtu huweka deni kubwa mbele hata likiwa la juzi, na kusahau madogo yaliyokaa mwaka. Ripoti za kompyuta kuhusu madeni zilikuwepo tangu mwanzo, lakini zilikuwa kurasa nyingi zenye maandishi madogo, naye macho yake hayakuwa ya ujana. Hakuzisoma hata mara moja. Nikamwandalia ukurasa mmoja, herufi kubwa, kila Jumatatu: aliyevuka siku 90 juu, wa 60 katikati, wa 30 chini. Akawa anaupitia na chai yake, kalamu mkononi.

Alianza kupiga simu. Kumpigia mtu ukiwa na tarehe na namba ya ankara ni mazungumzo mengine kabisa na kumwambia "ndugu yangu, mbona kimya". Wengi walilipa bila ugomvi, baadhi walikuwa wamesahau kweli. Mmoja, mkandarasi ambaye Mzee alimheshimu sana, alionekana juu ya ukurasa kila wiki mpaka Mzee akaenda kuonana naye mwenyewe, wakapangiana awamu. Hela iliyorudi ndiyo tuliyonunulia kontena lililofuata, bila kwenda benki.

Malipo ya simu yalikuja kwa upande mwingine kabisa. Hakuna aliyetufundisha wala kutuuzia, wateja ndio walioyaleta. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na hapa kwetu Aprili 2008, na haikuchukua muda fundi akawa anauliza, "Nitume kwenye namba gani?" Tukawapa namba ya Mzee. Akiwa msikitini au msibani, kaunta haijui kama hela imeingia. Wakajitokeza watu wa kuonyesha ujumbe wa malipo waliouandika wenyewe, na binti wa kaunta, mwenye foleni mbele yake, anaona ujumbe unafanana, anatoa mzigo. Lipa Namba yenye jina la duka iliyamaliza mengi ya hayo: ujumbe unaingia kwenye simu inayokaa kaunta, na jioni nachukua taarifa ya miamala nailinganisha na mauzo mstari kwa mstari. Mitandao ilipoanza kutumiana hela moja kwa moja, baadhi mwaka 2014 na Vodacom mwaka 2016, mteja hakulazimika tena kuwa na laini fulani ili atulipe.

Lakini Julai 2021 tozo za serikali kwenye miamala ya simu zilipoanza, kaunta yetu noti zilirudi kwa kasi. Septemba serikali ilipunguza tozo kwa asilimia 30, ila wateja wengi walikuwa wameshaogopa. Mashine zilikuwa zilezile, vijana walewale, ujuzi uleule. Siku hizi nikipanga jambo la malipo dukani, najiuliza kwanza mteja atakatwa kiasi gani, maana yeye ndiye anayeamua kama kitatumika.

Na mtandao. Tumezoea haraka kuliko ninavyofikiri ni salama. Kabla ya SEACOM, mkongo wa intaneti unaopita chini ya bahari, kufika pwani yetu Julai 2009, intaneti ilikuja kwa setilaiti, ghali na ya kusuasua, na hakuna aliyethubutu kuweka duka lake zima huko. Sasa mifumo mingi ya maduka inakaa mtandaoni. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na mtaani kwetu kulikuwa na maduka ambayo hayakuweza hata kujua bei ya bidhaa zake. Sisi mfumo wetu una nakala kwenye kompyuta ya dukani, tukauza. Ukinunua mfumo, muuzaji akishamaliza kukuonyesha mambo mazuri, mwombe azime intaneti mbele yako uone kinachotokea.

Kwa hiyo mtu akiniuliza programu gani nzuri, namwomba anipeleke dukani kwake Jumamosi, nikae pembeni nione mzigo unaingiaje, unatokaje, nani anasema "mpe", na hela inapita mikono mingapi. Namwomba daftari lake la madeni. Namuuliza ni swali gani moja kuhusu biashara yake linalomnyima usingizi, na kama jibu lingepatikana, angefanya nini tofauti kesho yake. Wakijibu hilo la mwisho, programu tunaipata, mara nyingine ni ya bei ndogo, mara nyingine ni Excel na nidhamu. Wasipoweza kulijibu, nawasihi wasinunue kwanza.

Sisi wenyewe bado tuna jambo hatujalimaliza. Tumefungua tawi Mbagala, na kule wateja wengi wanajenga kidogokidogo, wananunua bomba nusu, waya mita nne, nondo iliyokatwa. Vipande vinavyobaki vinauzika, lakini mfumo unahesabu bomba zima au hakuna. Kijana wa stoo ya Mbagala, ambaye Babu ndiye aliyemfundisha kazi kabla hajastaafu, ameanza kuandika urefu wa kila kipande kwa chaki ukutani na kunipigia picha kwa WhatsApp kila jioni. Ninazikusanya. Nataka nijue kwanza ni vipande vya urefu gani vinavyorudi mara kwa mara, ndipo nimwite mtu wa programu.